Ndoo ya Koridoni: Niliyojifunza Nikitafuta Waifai Nzuri Dodoma

Ritani ya VAT ya mteja wangu wa kwanza hapa Dodoma niliituma tarehe 20, saa tano na dakika arobaini usiku, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa koridoni, laptopu magotini. Siku ya mwisho ilikuwa ndiyo hiyo. Chumba nilichokifanya ofisi kilikuwa hatua saba kutoka hapo, kina meza, kiti na feni, ila mtandao hakina. Koridoni ulikuwapo, tena mahali pamoja tu, kati ya mlango wa bafu na swichi ya taa. Ukisogea kidogo, kile kiduara cha kwenye skrini kinaanza kuzunguka.

Tulihamia kutoka Dar es Salaam mwaka 2019, mume wangu akiifuata wizara yake Mtumba. Mimi ni mhasibu wa kujitegemea, ofisi yangu ni popote penye intaneti. Tulipanga nyumba Nzuguni, si mbali na viwanja vya Nanenane. Tangu hapo nimenunua rauta tatu: moja niliiua kwa mkono wangu mwenyewe, moja ilikaa kabatini miezi kadhaa bila kazi. Wanaojali lugha huiita kipanga njia. Mimi nitaiita rauta, kama anavyoiita fundi na kama anavyoiita muuzaji. Mafunzo yenyewe nayapanga kwa kufuata hela zilivyonitoka.

1. Mitandao ni miwili, na kila mmoja unaugua kivyake

Rauta niliyoanza nayo ni ile ya laini ya simu. Inapokea mawimbi kutoka mnarani, halafu inayagawa ndani ya nyumba kwa waifai. Hizo ni safari mbili. Vijiti vya waifai vilivyo juu ya skrini ya simu vinaeleza safari ya pili tu, ya kutoka kwenye rauta hadi mkononi mwako. Vinaweza kujaa vyote wakati mnarani hakuji kitu, kama ambavyo mabomba ya nyumba yanaweza kuwa mapya matupu na tangi likawa halina tone.

Mimi tofauti hiyo sikuijua. Nilipoona ofisini hakukaliki, nilishuka mjini, mtaa wa One Way, nikanunua rauta nyingine kwa shilingi laki moja na themanini. Nikaiweka palepale ilipokuwa ya kwanza, nyuma ya televisheni. Ofisini hali ikawa ileile. Wiki nzima nilimlaumu muuzaji kimoyomoyo, naye hakuwa na kosa, kisha nikairudisha ya kwanza, mpya nikaitia kabatini.

Kipimo kilichonifumbua macho kinachukua dakika mbili. Simama hatua moja kutoka kwenye rauta, pima kasi kwa programu yoyote ya kupimia. Kisha nenda kwenye chumba korofi, pima tena. Sebuleni nilipata megabiti 18 kwa sekunde, ofisini megabiti 1 na ushee. (Ni megabiti, si megabaiti, ukitaka kujua faili lako litashuka kwa mwendo gani, gawa kwa 8.) Mnara ulikuwa unaleta, nyumba inakula. Kasi ingekuwa mbovu hata pale karibu na rauta, ningejua kwamba ugonjwa uko nje, na hata rauta ya milioni isingeweza kugawa kisichokuwapo.

2. Ichore nyumba kabla hujatoa hela

Kuna programu za bure za simu zinazoonyesha nguvu ya waifai kwa namba badala ya vijiti. Namba zenyewe ni hasi, ndiyo maana watu huzikimbia: −40 ni nzuri kuliko −70. Kwenye −67 simu ya video bado inakwenda bila shida. Ukikaribia −80 unaanza kuona nyuso zimeganda midomo wazi. Na hazishuki kama namba za kawaida. Kila zikiporomoka 3, nguvu iliyobaki ni nusu. Zikiporomoka 10, imebaki sehemu moja ya kumi.

Jumamosi moja watoto wakiwa kwa shangazi yao nilichukua daftari la hesabu la mwanangu, nikachora nyumba, nikaanza kuzunguka. Sebuleni −44. Mlango wa sebule −55. Kwenye ndoo yangu −66. Ofisini, mezani, −81. Jikoni −84. Nikarudi koridoni, nikasimama mbele ya ule ukuta wa ofisi kuutazama. Ni tofali za saruji za inchi sita, plasta pande zote mbili. Upande wa pili mwenye nyumba alikuwa amejengea kabati la nguo lenye kioo kirefu, kuanzia chini mpaka juu. Nyuma ya kioo kuna utando wa madini. Ndio unaorudisha sura yako, na mawimbi unayarudisha vilevile. Pembeni ya kabati nilikuwa nimesimamisha friji ya pili, ya maji ya biashara. Bati la friji nalo halipitishi kitu.

Rauta yenyewe je? Ilikuwa palepale nyuma ya televisheni, kwenye kona ya mwisho kabisa ya nyumba, imefunikwa kitambaa cha kufuma alichonizawadia wifi yangu. Waifai husambaa pande zote, kwa hiyo sehemu kubwa ya ile niliyoilipia ilikuwa inawahudumia mbuzi wa jirani.

Niliivua kitambaa, nikaihamishia koridoni, juu, karibu na dari. Friji nikaisogeza. Ofisini ikapanda hadi −65, jikoni −70. Gharama yote: misumari miwili na waya wa kurefushia umeme. Furaha hiyo ilidumu siku tatu, nitaeleza.

3. Wingi wa antena ni urembo mpaka uambiwe vingine

Nilirudi One Way kuuliza tu, nikaonyeshwa rauta yenye antena nane, imekaa kama buibui aliyelala chali. "Hii mama, inafika mpaka barabarani," kijana akaniambia. Huenda inafika. Tatizo ni kwamba waifai ni mazungumzo, na simu nayo lazima ijibu. Mwenye kipaza sauti utamsikia ukiwa ng'ambo ya uwanja, ila yeye wewe hakusikii. Ndiyo maana unaweza kuona vijiti vimejaa ukiwa getini na ukurasa usifunguke.

Antena za ziada zina kazi, hasa watu wakiwa wengi kwa wakati mmoja, lakini simu nyingi zina mbili tu za waifai na haziwezi kutumia zote nane. La maana zaidi ni namna zinavyosimama. Antena iliyosimama wima haitoi mawimbi juu kwenye ncha. Huyatoa kwa ubavu, kuizunguka, mfano wa ngata anayoweka mama kichwani kabla ya kujitwika ndoo, antena ikiwa imepita katikati ya tundu. Nyumba ya chini kama yangu zisimame wima. Kwenye ghorofa, laza moja, ili ngata yake isimame na kufika juu na chini.

4. 2.4 na 5 si toleo la zamani na jipya

Hili wengi wanalikosea. Rauta nyingi za sasa zinatangaza mikondo miwili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 ni ya kasi, ila ukuta mmoja wa tofali unaichosha, ya 2.4 ni ya polepole lakini inapenya. Televisheni iliyo mbele ya rauta ipe 5. Jikoni, uani na kamera ya getini zipe 2.4.

Kero ya 2.4 ni msongamano. Nzuguni tulipokuwa wachache sikuiona. Dada yangu anaishi Area D, nyumba zimebanana. Nilipopima kwake nilikuta mitandao kumi na tisa, mmoja ukiitwa Nunua Yako. Chaneli za 2.4 zisizokanyagana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Karibu wote walikuwa kwenye 6. Tulimhamishia 11, mambo yakatulia. Alinipikia mlenda kwa ugali wa uwele, malipo ambayo sikuyapata kwa mteja yeyote.

5. Siku ya maji ilikuwa siku mbaya ya mtandao

Sasa zile siku tatu. Waifai ilikuwa safi nyumba nzima, lakini intaneti yenyewe ikawa inasuasua kuliko mwanzo. Rauta ya laini inataka mambo mawili yasiyopatana: inataka kukaa dirishani iuone mnara, na inataka kukaa katikati ya nyumba. Ukiingia kwenye ukurasa wake wa ndani (anwani imebandikwa chini ya rauta, mara nyingi huanza na 192.168) utakuta namba nyingine hasi, ya nguvu ya mnara. Ukiona −80 umebahatika. Ukiona −110 unaokoteza. Dirishani nilipata −94, koridoni −109. Nikairudisha dirishani.

Hapo ndipo nilipokutana na jambo lililonisumbua miezi miwili. Siku nyingine mtandao mzuri, siku nyingine hovyo, mvua hakuna, umeme upo. Nikaanza kuandika kwenye lile daftari. Mwisho wa mwezi nikasoma: Jumanne mbaya, Ijumaa mbaya, Jumanne mbaya. Mtaani kwetu maji yalikuwa yanakuja kwa zamu, Jumanne na Ijumaa.

Nje ya dirisha lile, juu ya mnara wake wa tofali, kulikuwa na simtanki la lita 1,000, limesimama kati ya rauta yangu na mnara wa simu. Plastiki tupu mawimbi yanaipita bila habari. Maji yanayanywa. Tangi likijaa nilisoma −102; tukishafua na kuoga likashuka, −95. Fundi wangu, kijana aliyesomea kompyuta pale UDOM, alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, kwa hiyo mkioga ndiyo mnapata bando?" Tuliisogeza rauta dirisha la pili, mita mbili kushoto. Jumanne zikapona.

Kuna pia msongamano wa mnara, ambao hauonekani kwenye namba hiyo. Kila Agosti viwanja vya Nanenane vikijaa watu, dirishani kwangu husoma −94 kama kawaida, lakini kasi ya jioni inakufa kabisa. Mnara ni uleule, midomo imeongezeka. Mwaka 2024 maonesho ya kitaifa yalipofanyika hapa nilihamisha kazi zangu zote alfajiri, saa kumi hadi saa moja, nikawa mtu wa kwanza mtaani kuwasha taa. Kwa hiyo ukitaka kujua uchague mtandao wa kampuni ipi, azima laini tofauti, zitie kwenye simu moja, simama kwenye dirisha lilelile, pima saa nne asubuhi, halafu pima tena saa mbili usiku watu wote wakiwa nyumbani. Jibu la usiku ndilo la kuaminika. Usimsikilize anayekuambia kampuni fulani "iko vizuri Dodoma". Huu ni mji wa vilima vya mawe. Anayekaa Mlimwa na anayekaa Mkonze hawakai mji mmoja kwa habari za mnara.

6. Uliza kama imefungwa

Fupi tu hili. Rauta nyingine huuzwa bei nafuu kwa sababu zimefungwa kwa laini za kampuni moja. Si kosa, ni biashara, ila ulizia kabla. Na laini ya rauta nayo husajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole kama ya simu. Isajiliwe kwa jina lako, si la muuzaji anayekuambia "hii tayari iko hewani". Piga *106# uone namba zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako.

7. Waya haujapitwa na wakati

Suluhisho la dirisha na korido lilikuwa waya. Kabla ya hapo nilijaribu kifaa cha kurudia waifai, kile unachokichomeka ukutani. Cha bei ndogo kinasikiliza na kusema kwa redio ileile, kwa hiyo kasi inakatika karibu nusu; na nilikuwa nimekichomeka ofisini, penye mawimbi mabovu, kikawa kinarudia ubovu. Kama huna budi kukitumia, kikae nusu ya njia, pale ambapo waifai bado ina afya.

Fundi alinunua waya wa mtandao mita 20, akaupitisha juu ya dari ya jipsamu kutoka dirishani hadi koridoni. Alinionyesha jinsi ya kuukagua dukani: akakwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukionekana mwekundu ndani hadi nje ni shaba. Ukiwa mweupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inayokatikakatika. Waya wa kweli unabeba mtandao hadi mita 100, na ukuta kwake si kitu.

Kule koridoni mwisho wa waya tukafunga ile rauta ya laki moja na themanini, iliyokuwa kabatini ikikusanya vumbi. Tulizima kazi yake ya kugawa anwani, ile inayoandikwa DHCP, ili zisibaki rauta mbili zinazogawa anwani na kugombana. Anwani yake yenyewe tukaibadilisha isifanane na ya dirishani. Tukaipa jina na nywila zilezile. Ofisini ikawa −58. Ndoo ikarudi bafuni.

8. Kuna siku kosa liko baharini

Jumapili tarehe 12 Mei 2024, Siku ya Mama, nilitaka kumpigia mama yangu simu ya video. Waifai kijani, mnara −94, intaneti haipo. Niliizima rauta na kuiwasha mara sita. Nilisogeza meza. Nilimfokea mtoto aliyekuwa anachezea waya. Mchana ndipo habari zikatufikia kwamba nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Sisi wa bara huku bahari tunaiona ya watu wengine, kumbe picha ya mama yangu hutegemea pwani: sehemu kubwa ya intaneti tunayotumia hushukia Dar es Salaam na kuja kwetu kwa Mkongo wa Taifa. Niliishia kumpigia simu ya kawaida. Alisikika vizuri kuliko siku zote.

9. Faiba ilipofika, fundi alitaka kumaliza haraka

Nguzo za faiba zilipoingia mtaani nilijiandikisha wiki ileile. Faiba haijali simtanki wala Nanenane. Lakini wafungaji waliokuja walikuwa na nyumba nyingine tano siku hiyo, wakataka kutoboa ukuta wa karibu na geti, yaani sebuleni, kona ileile ya mbuzi. Nikawatolea daftari. Niliwaomba wapandishe waya wao darini hadi koridoni. Wakanung'unika, nikaongeza hela ya soda, wakapandisha. Uzi wa faiba ni kioo, haukunjwi kwa pembe kali kama waya wa umeme, kwa hiyo acha upinde kwa raha kwenye kona.

Sasa hivi faiba ndiyo kuu na ile ya laini ni ya akiba. Sijaiuza.

10. Umeme, adapta na vumbi

Rauta niliyoiua niliiua Desemba 2023, wakati wa mgao. Umeme uliporudi nilichomeka adapta ya kwanza niliyoishika gizani. Kichwa chake kiliingia vizuri. Rauta ilikuwa ya volti 12. Adapta ilikuwa ya kifaa kingine, volti 24. Harufu yake naikumbuka mpaka leo. Siku hizi kila adapta nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito.

Baada ya hapo nilinunua betri ndogo ya akiba ya volti 12, zile zinazokaa kati ya adapta na rauta. Rauta hula umeme kidogo, kama wati 10, kwa hiyo betri ndogo inaivusha masaa kadhaa. Ukiwa na faiba kumbuka vifaa vinaweza kuwa viwili, kile cha kupokea faiba na rauta. Ukikipa umeme kimoja, hujafanya kitu. Na vumbi la Dodoma kuanzia Julai hadi mvua zinapoanza linaingia hata kwenye mayai. Matundu ya rauta yakiziba, inachemka na kujizima mchana. Brashi ya rangi, mpya na kavu, mara moja kwa mwezi.

11. Kongwa

Mwaka jana tulikwenda Kongwa kwa mama mkwe. Anaishi kwenye tembe ya zamani, ile ya Kigogo, paa limelala, udongo mzito juu ya magogo, kuta nene. Ndani kuna ubaridi mzuri saa saba mchana wakati nje jua linachoma. Mume wangu alimpelekea simu kubwa ili awaone wajukuu, na mimi nikajipa kazi ya kumtafutia mahali pa kuiweka. Nikafungua programu inayosoma nguvu ya mnara, nikaanza kuzunguka na kusoma. Kitandani −116, hakuna kitu. Karibu na mafiga −114. Kwenye kidirisha −108.

Kando ya mlango, usawa wa bega langu, nikasoma −97. Nikainua macho. Palikuwa na msumari, na kwenye msumari kikapu kidogo cha ukili kilichokwisha kubadilika rangi, na ndani ya kikapu kile kisimu chake cha vibonye, kimeelekea nje.

"Mama, nani alikuonyesha hapa?"

"Nani wa kunionyesha? Nilizunguka nacho mpaka kikalia." Akanitazama na simu yangu mkononi, na daftari kwapani. "Na wewe unapima nini, mwanangu? Mnataka kuuza nyumba?"